Wiki Ile Madereva Walipokataa Kuendesha Peke Yao

Mwezi uliopita nilikabidhi funguo za ofisi, na vijana niliowaacha pale wakaniomba niwaandikie niliyojifunza katika miaka yangu ya uafisa kazi. Niliwakumbusha kwamba sheria zote wanazo kwenye simu zao. Wakasema hawataki sheria, wanataka yale mengine. Haya basi, nitaandika yale mengine. Habari za vyeo nitaziruka, maana vilichelewa kuja na vilipokuja havikubadilisha kiti.

Nilianzia Iringa, nikiwa binti wa Tukuyu aliyedhani anajua baridi. Asubuhi ya kwanza nilimkuta mkuu wangu, Mzee Kalinga, amevaa koti zito humo humo ofisini. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akaniongezea "kamwene" ya Kihehe ili nianze kuizoea. Alinionyesha meza yangu. Nilipokwenda kuketi nyuma yake akatikisa kichwa.

"Hapo ni pa kuandikia tu," alisema. "Watu ukiwasikilizia hapo watakuogopa, na mtu akikuogopa anakwambia yale anayodhani unataka kuyasikia."

Yeye alikuwa na benchi la mbao kando ya dirisha. Mwajiri alikaa hapo, mfanyakazi alikaa hapo, naye Mzee Kalinga akakaa katikati yao na chupa yake ya chai ya tangawizi. Hakuna aliyeruhusiwa kusema neno la ugomvi kabla ya kumaliza kikombe cha kwanza. Nilidhani ni ukarimu wa Kihehe. Baadaye nikaelewa kwamba ni vigumu sana kufoka ukiwa na chai ya moto mkononi.

Kesi yangu ya kwanza ilikuwa ya kiwanda cha mbao upande wa Mafinga. Wafanyakazi walikataa kugusa msumeno mmoja, mwenye kiwanda akasema ni uvivu. Nilikuwa nimejiandaa vizuri, vifungu vyote viko kichwani. Mzee Kalinga hakuniuliza hata kimoja. Alichukua kofia yake akasema, "Kwanza tukaone." Tukaenda, tukasimama karibu na ule msumeno, sisi na mwenye kiwanda, ukiunguruma bila kinga yoyote na vumbi likitujaa machoni. Hatukuwa tumesimama sana mwenye kiwanda alipoomba uzimwe. Tukiwa njiani kurudi nilimuuliza mzee mbona hakusema chochote. Akasema palikuwa na kelele.

Baadaye nikahamishiwa Mbeya, na wilaya zake zote zikawa zangu, mpaka migodini. Mkitaka kujua, kesi ndefu kuliko zote nilizosikiliza ilikuwa Makongolosi, na ilihusu ugali. Msimamizi wa mgodi alimfukuza mama mpishi kwa kusema ugali wake ni mgumu. Wachimbaji wote wakatoka mashimoni na kuketi juani, wakisema mtu anayeshika sururu siku nzima hawezi kula ugali laini. Nilisikiliza mpaka jua likaanza kushuka. Mama alirudishwa jikoni, nami nikapewa sahani. Ulikuwa mgumu kweli, lakini hilo halikuwemo katika mamlaka yangu.

Sasa nije kwenye jambo mnaloniuliza kila mara, la wiki ya Nanenane.

Mwaka ule kilele cha sherehe za wakulima kitaifa kilikuwa kwetu Mbeya. Mnaujua mji wetu wakati huo. Nyumba za wageni zinajaa hadi Uyole, watu wanakuja na mbegu, na ng'ombe, na vikundi vya ngoma, na wengi wao wanakuja kwa basi. Siku chache kabla ya kilele, madereva wa mabasi ya safari ndefu walikutana stendi wakatangaza kwamba asubuhi ya kilele hakuna atakayewasha gari.

Dai lao lilikuwa moja. Walitaka madereva wawili katika kila basi linalokwenda Dar es Salaam. Sheria ilikuwa inasema hivyo hivyo, tena siku nyingi. Ila sheria ilibaki kwenye karatasi, barabarani haikufika. Mwezi ule mwenzao mmoja aliyeitwa Ambakisye alikuwa amesinzia kwenye usukani karibu na mashamba ya misonobari, basi likaingia mitini. Abiria walivunjika mikono na miguu. Yeye alifariki hapo hapo. Alikuwa ametoka kuendesha kwenda na kurudi bila mtu wa kumpokea.

Simu zikaanza kunijia kutoka juu. Sitasema juu ya wapi. Zote zilikuwa na sentensi moja: "Mama Atupele, siku ya kilele mabasi yatembee." Hakuna aliyeniuliza kuhusu Ambakisye. Nakiri niliogopa. Niliwaza wazee watakaolala stendi na kinamama wenye watoto mgongoni, niliwaza pia kwamba mabasi yakitembea bila jibu, yatatembea na madereva wale wale waliochoka, yakiwa yamejaa kuliko siku zote.

Nikaenda stendi kumtafuta mwenyekiti wao. Aliitwa Gwakisa, mtu mrefu mwenye mvi, mpole wa sauti, aliyeendesha barabara ile tangu ujana wake. Nilimkuta katikati ya kundi la madereva vijana waliokuwa wamechemka. Walitaka kupanga mawe barabarani pale Igawa ili hata magari ya watu binafsi yasipite.

"Tukiweka jiwe barabarani," Gwakisa aliwaambia, "kesho watu wataongelea jiwe. Ambakisye hatasikika tena."

Mmoja akamjibu kwamba bila jiwe hakuna atakayewasikia kabisa.

"Watatusikia wakikosa usafiri. Na mgonjwa yeyote anayekwenda hospitali, au mama mjamzito, tutampeleka sisi wenyewe, kwa gari lolote litakalopatikana. Hilo nalo mliandike kwenye tangazo."

Nilisimama pembeni nikimsikiliza, nikasahau kwamba nilitumwa kumtuliza. Katika kazi hii nimekutana na viongozi wengi wa wafanyakazi. Wengine walikuwa hodari wa kusema na wengine hodari wa kutishia. Huyu alikuwa na hasira kama wenzake wote, rafiki yake ametoka kuzikwa, lakini hasira ile alijua inaelekea wapi.

Nikamwambia, "Kaka, siku ya kilele imekaribia. Kabla ya hapo nikupe nini?"

"Niketishe na Hajati."

Hajati Zuhura alikuwa ndiye mwenye mabasi mengi kuliko wote kwenye njia ile, na wamiliki wengine walimfuata kwa kila jambo. Babu yake alikuja Iringa kutoka pwani na mzigo wa vitambaa, baba yake akanunua lori, yeye akanunua mabasi. Alikuwa mama mnyoofu, anayejua majina ya wafanyakazi wake na ya watoto wao, na Gwakisa alikuwa dereva wake.

Nikamwita Hajati kutoka Iringa, wakaja ofisini kwangu. Nilivuta benchi, maana nami nilijiwekea moja kama la Mzee Kalinga, nikamimina chai. Hajati alimaliza kikombe chake polepole, akaweka chini.

"Gwakisa, umenishangaza," alisema. "Wengine wagome, sawa. Mimi kila basi langu lina madereva wawili. Nimeagiza mwenyewe, na meneja wangu ananipa taarifa kila wiki."

"Ndiyo, mama."

"Sasa unanigomea nini?"

Gwakisa alizungusha kikombe mkononi. Niliona anatafuta namna ya kusema bila kumvunjia heshima.

"Mama, naomba upande basi lako."

"Nipande basi langu niende wapi?"

"Mpaka Dar, na kurudi. Kaa kiti cha mbele, nyuma yangu. Ila usimwambie meneja, na usimwambie mtu yeyote."

Nilidhani atainuka aondoke. Mwanamke wa umri wake, mwenye gari lake na dereva wake, anaambiwa na mwajiriwa akae kwenye basi kutwa nzima, tena kwenda na kurudi. Hajati alimtazama, kisha akanitazama mimi.

"Lini?" akauliza.

"Kesho alfajiri ni zamu yangu."

"Basi kesho." Akanigeukia. "Na wewe, Mama Atupele, tunakwenda wote. Nisije nikaambiwa niliota."

Tulipanda alfajiri, kumepambazuka kidogo tu. Hajati alivaa baibui la kila siku na mtandio mzito kwa ajili ya baridi, hakuna aliyemtambua. Kweli dereva wa pili alikuwepo, amevaa sare safi. Alipita kwenye ukaguzi wa stendi akasalimia vizuri. Tulipofika Uyole akamgonga Gwakisa begani, mlango ukafunguliwa, akashuka.

Hajati akainama mbele. "Yule anakwenda wapi?"

"Nyumbani kwake, mama," Gwakisa alijibu, macho barabarani. "Kesho jioni tutampakia hapa hapa, aingie nasi mjini."

Hajati akageuka kutazama nyuma mpaka Uyole ikapotea.

Safari ya kwenda sitaieleza sana. Tulishuka mlima Kitonga nyuma ya malori, tukapita mbugani Mikumi, na huko Hajati akasinzia, kichwa kwenye kioo. Alipoamka alijipangusa uso akaangalia mbele, na Gwakisa alikuwa vile vile, mikono kwenye usukani. Tuliingia Dar jua limeshazama. Abiria wakaenda zao. Gwakisa akalipeleka basi kuoshwa, kisha akatandika shuka kwenye kiti cha nyuma, maana hapakuwa na chumba kilichopangwa. Hajati alisimama mlangoni pa basi lake mwenyewe akimwangalia anakunja miguu yake mirefu ili itoshe. Sisi wawili tulikwenda kulala kwa ndugu zake. Asubuhi aliniambia hakupata usingizi mzuri, ingawa godoro lilikuwa zuri sana.

Kurudi, basi lilijaa watu wa Nanenane. Walikuwemo wanafunzi wa kilimo, wauza mbegu na kikundi cha akinamama wa kwaya walioimba mpaka Morogoro. Baada ya chakula cha mchana kila mtu alilala. Hata mimi, niliyekuwa kazini, nililala. Niliamka tukiwa tunapanda Kitonga, nikaona Gwakisa ameshika taulo yenye maji anajifuta shingoni. Pale Ipogolo, abiria wa Iringa walipokuwa wanashuka, Hajati angeweza kushuka nao. Nyumbani kwake palikuwa juu tu ya kilima, na mjukuu wake alikuwa anampigia simu. Akaikata simu, akabaki.

Tulipita Mafinga. Ilipofika sehemu ya misonobari, Gwakisa aligusa honi mara moja, kidogo, bila gari lolote mbele yetu. Nikajua ni hapo. Hajati naye alijua, akasoma dua kimyakimya.

Jua lilikuwa linatupiga usoni, barabara imenyooka, na basi zima limetulia. Makambako tuliipita bila kusimama. Tukiwa tunashuka kuelekea tambarare ya Usangu, basi likasogea kidogo kuelekea katikati ya barabara, kisha likarudi. Lilikuwa jambo dogo sana. Hakuna abiria aliyeliona.

"Gwakisa," Hajati aliita. "Umelala?"

"Hapana, mama." Akaongeza kwa sauti ile ile ya upole, "Ila Makambako siikumbuki. Sijui tumeipitaje."

Niligeuka kutazama. Nyuma yetu walikuwa wamelala watu wa mikoa mitano.

"Simamisha," Hajati alisema.

"Mama, tutachelewa, na ukaguzi…"

"Nimesema simamisha, mwanangu. Paki pale penye nafasi."

Alisimamisha Igawa, pembeni kabisa ya barabara. Abiria wakaanza kuamka na kuuliza kulikoni. Hajati akainuka, akageuka kuwatazama. Alikuwa mfupi, na kwa ile mitikisiko ya safari baibui lake lilikuwa limejikunja, lakini alijisimamisha vizuri.

"Jamani, basi hili ni langu," alisema. "Dereva wangu amechoka na hana mwenzake wa kumpokea, na kosa hilo ni la kwangu. Atapumzika. Mwenye haraka nitamtafutia gari lingine. Mwenye kutaka kufika salama, tushuke tunyooshe miguu."

Kijana mmoja alilalamika kwamba ana maonyesho ya kuandaa. Mama mmoja wa kwaya akamwambia atayaandaa vizuri zaidi akiwa hai. Baada ya hapo sikusikia malalamiko mengine. Gwakisa alijilaza kwenye nyasi chini ya kivuli cha basi, na alipata usingizi kabla sijamaliza kumtandikia kitenge changu. Abiria walipita pale kwa kunyata. Wale akinamama walianza wimbo, wakaangaliana, wakauacha. Hajati alisimama kando yake muda wote akiwafukuza nzi kwa ncha ya mtandio.

Nimesikiliza mashauri mengi maishani. Nimeona waajiri wakikubali makosa kwa sababu ya hakimu, au magazeti, au wakili wa upande wa pili. Sijapata kumwona mwingine aliyekubali kosa mbele ya basi zima bila kuulizwa.

Siku iliyofuata wamiliki wote walikuja ofisini. Benchi halikutosha, wengine wakasimama. Madereva walimtuma Gwakisa na wenzake wawili. Mmiliki mmoja alisema madereva wazuri ni haba, mwingine akasema huu si wakati wake, sherehe ziko mlangoni. Hajati aliwaacha wamalize chai.

"Mimi nimesafiri," alisema. "Nilisinzia Mikumi nikienda, na nikasinzia tena nikirudi. Na mimi sikuwa nimeshika usukani. Kuanzia kesho basi langu lisilo na madereva wawili halitoki. Likibaki stendi, libaki. Nimezungumza na meneja, na chumba cha kulala Dar kimepatikana."

Hakugonga meza wala hakuwasihi. Alitoka kwenda kuswali adhuhuri. Aliporudi, wengi walikuwa wameshakubaliana nami juu ya utaratibu, na Gwakisa alikuwa anawatajia madereva wastaafu na wale wa malori wenye leseni zinazofaa, wanaoweza kuanza mara moja. Alikuwa amewatafuta kabla hata ya kutangaza mgomo. Nilimuuliza kwa nini. Akasema alitarajia watakubali, na hakutaka wakikubali akose la kuwapa.

Wamiliki wawili walikataa. Mgomo wa madereva wao niliuheshimu: hawakuwasha magari, na siku ya kilele mabasi hayo yalibaki stendi watu wakipiga nayo picha. Mengine yote yalitembea. Simu ya kutoka juu ilinipongeza kwa kuzuia mgomo. Nilieleza kwamba waliozuia ni Hajati na Gwakisa, nikaambiwa nisiwe mnyenyekevu. Nikaacha.

Msidhani mambo yalinyooka moja kwa moja. Mpaka nastaafu nimekuwa nikikamata dereva wa pili anayeshukia Uyole, na ninyi mtaendelea kumkamata. Lakini tangu wiki ile dereva anayeambiwa aende peke yake ana neno la kusema, na ana watu nyuma yake.

Jioni ya kilele sikwenda uwanjani. Nilikwenda stendi kupokea basi la Hajati kutoka Dar. Liliingia limepambwa kwa majani ya migomba, na kwenye usukani alikuwa dereva wa malori mmoja mstaafu, makini, jasho likimtoka kwa kuogopa kugusa vibanda. Gwakisa alishuka kutoka kiti cha pembeni, shati limekunjamana, alama ya mkanda shavuni. Alikuwa amelala kuanzia Mafinga.

Mama mmoja Msukuma wa huko Usangu, aliyepandia Igawa akiwa na kuku wake wawili, alikuwa amewaangalia njia nzima. Akamsogelea.

"Baba, samahani. Mbona mko madereva wawili? Wewe ndiye unayejifunza?"

Gwakisa alimpokea wale kuku ili ashuke vizuri.

"Ndiyo, mama," alisema. "Najifunza kupumzika. Nitaweza tu."